Kujifunza Kutengeneza Picha kwa Kompyuta

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Handeni pana bahasha au kopo la biskuti ambamo zimewekwa picha za wazee. Nyingine zimeliwa na mende pembeni, nyingine zimegandamana kwa unyevu wa masika, na nyingine zina mkunjo katikati kwa kutiwa mfukoni. Wenyewe hawazitupi, walakini hawajui wafanyeje nazo. Ndiyo sababu tuliazimu kujifunza kutengeneza picha kwa kompyuta, ingawa kazi yetu ni ualimu, wala hatukupata kufundishwa ufundi wa picha. Haya tuyaandikayo ni kwa ajili ya wale watakao kuanza kama tulivyoanza sisi.

Tulijifunza kwa rafiki yetu mmoja mjini Korogwe, mwenye duka la picha karibu na stendi ya mabasi. Wakati wa likizo tulikuwa tukipanda basi asubuhi, tukikaa dukani mwake mchana kutwa, na kurudi Handeni jioni. Programu aliyotufundisha yaitwa GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, nchini Marekani. Majina yao Spencer Kimball na Peter Mattis. Mwaka 1996 ikatolewa kwa watu wote. Haiuzwi, mtu yeyote aweza kuichukua bure na kuitia katika kompyuta yake, na ni halali. Twalitaja jambo hili kwa kuwa wako wadhanio kwamba kazi hii haiwezekani ila kwa programu ya fedha nyingi, kama vile Photoshop iliyotoka mwaka 1990. Basi hutafuta nakala za wizi, na pengine huingiza virusi pamoja nazo.

Siku ya kwanza rafiki yetu hakuturuhusu kugusa kitu. Alifungua picha ya mtoto, akalikuza jicho lake mpaka halikuonekana tena jicho, ila miraba midogo ya rangi iliyopangwa kama vigae. Akatuambia ya kuwa kila mraba ni nukta moja ya picha, nayo huitwa pikseli. Kila nukta ina namba tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani, na moja ya buluu, tangu 0 mpaka 255. Nyeusi kabisa ni 0 mara tatu, na nyeupe kabisa ni 255 mara tatu. Kwa kuzichanganya namba hizo hupatikana rangi zaidi ya milioni 16. Mwaka 1957 Russell Kirsch, mtaalamu wa Marekani, alitia katika kompyuta picha ya mwanawe mchanga. Ilikuwa na nukta 176 kwa 176, yaani 30,976 tu. Leo simu nyingi hupiga picha zenye nukta milioni 12 na zaidi. Walakini asili ni ile ile, hesabu ya namba. Tulipokwisha kulifahamu neno hilo, hofu ilitutoka. Kuing'arisha picha ni kuziongeza namba zake, na kuitia giza ni kuzipunguza. Hapana uchawi.

Siku ya pili tulifunzwa mambo manne, nayo twayaona ni msingi wa kazi yote.

Kwanza, picha yenyewe ya karatasi isiguswe. Hutiwa katika mashine ya skana, ikapata faili lake. Na faili hilo hufanyiwa nakala. Kazi yote hufanywa juu ya nakala, na lile la kwanza huwekwa pasipo kubadilishwa hata nukta moja.

Pili, matabaka. Mwalimu atakaye kuonyesha mito juu ya ramani aweza kutandika karatasi ya nailoni juu yake akaichora hiyo, na ramani ikabaki safi. Programu nayo hufanya vivyo hivyo: twaweza kuweka tabaka juu ya tabaka, tukatengeneza lile la juu, na la chini likabaki kama lilivyokuwa. Tusipopendezwa na kazi, twaliondoa tabaka la juu.

Tatu, namna ya kuhifadhi. Faili la aina ya XCF hutunza matabaka yote. Faili la JPEG ni dogo, lafaa kutumwa kwa simu, lakini hupoteza kidogo ubora wa picha kila lifunguliwapo, likabadilishwa na kuhifadhiwa tena. Kwa hiyo kazi ihifadhiwe kwa XCF mpaka iishe, ndipo itolewe JPEG.

Nne, muhuri. Hicho ni chombo kichukuacho nukta za mahali pazima na kuzipiga juu ya mahali palipoharibika. Jirani yake ni chombo chenye alama ya plasta, kama ile ibandikwayo juu ya kidonda. Nacho hulainisha rangi ili kiraka kisionekane. Mkono uliozoea chaki hautiiwi upesi na kipanya cha kompyuta. Mkunjo mmoja juu ya shavu la mzee ulituchukua saa nzima, maana yapasa kukuza picha, kuchukua nukta za karibu sana, na kwenda polepole kama mtu ashonaye kwa sindano.

Hayo ni mambo ya mkono. Sasa twataka kusema juu ya jambo gumu zaidi, ambalo kila ajifunzaye kazi hii litamjia, tena mapema.

Mwaka jana alitujia kijana mmoja ambaye mamaye alikuwa amefariki. Alileta picha ya pekee ya ujana wa mama, iliyopigwa zamani penye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Walikuwamo watu wawili: mama amejifunga kanga, na kando yake nduguye mwanamume, ndiye mjomba wa kijana, nyuma yao mistari ya mkonge. Kijana alitaka isafishwe, ikuzwe na kutiwa fremu kwa siku ya kumbukumbu ya mama. Kisha akasema, "Mwalimu, naomba pia umtoe mjomba. Mama abaki peke yake." Sababu tuliijua. Tangu mazishi walikuwa wakigombea shamba, na shauri lilikwisha fika baraza la kata. Nanyi mwajua, huku kwetu Uzigua mjomba si mtu wa kando.

Hatukumkemea. Tulimpa kiti mbele ya kompyuta, tukamwonyesha kazi yenyewe. Tukasema, "Tazama, ndugu. Mkunjo huu umepita juu ya ua la kanga ya mama. Nusu ya ua iko huku, na nusu iko huku. Tukiliunga, twajua lilivyokuwa. Lakini nyuma ya mjomba kamera haikuona kitu. Kama palikuwa na mkonge, au njia, au mtu mwingine, sisi hatujui, wala kompyuta haijui. Tukimfuta, yatupasa kubuni shamba ambalo halikuwako."

Akafikiri, akasema, "Basi mkate, usimfute."

Hilo tuliliona lafaa, kwa kuwa kukata picha ni kama kusogea karibu: mengine hayaonekani tena, lakini hakuna lililoongezwa. Tukaikata. Mama akabaki peke yake. Ila juu ya bega lake la upande wa pili vilionekana vidole vinne, maana mkono wa mjomba ulipita nyuma ya mgongo wa dada yake ukamshika bega. Kijana akavitazama kitambo. Tulidhani atataka vifutwe. Akasema, "Viache."

Tulimpa zote mbili, ile iliyokatwa, na ile nzima iliyosafishwa. Maana hata kukata kwaweza kudanganya, kama picha yapelekwa mahali pa ushahidi. Basi ni vema nzima iweko. Shauri la shamba halikwisha kwa ajili ya picha, wala hatukutumaini hivyo. Lakini watoto watakaozaliwa katika nyumba ile wataweza kuona ya kuwa mama yule alikuwa na ndugu aliyemshika bega.

Kufuta watu pichani si jambo jipya. Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi ya siri katika Urusi ya Kisovieti, alipigwa picha akiwa na Stalin kando ya mfereji wa Moscow. Baada ya kuuawa kwake mwaka 1940, picha ile ilitolewa tena pasipo yeye. Mahali alipokuwapo pakajazwa maji ya mfereji. Siku zile ilimpasa fundi kufanya kazi hiyo kwa mkono. Lakini siku hizi zimekuja simu ziwezazo kumfuta mtu kwa kuguswa kwa kidole, na mtoto wa shule aweza kuifanya akiwa amekaa chini ya mwembe. Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kuwa neno hili ni la mafundi peke yao.

Basi anayeanza twamshauri hivi. Vumbi, doa, mkunjo na mahali palipoliwa na mende, aviondoe bila wasiwasi, kwa sababu vilikuja baada ya picha kupigwa. Kilichokuwako mbele ya kamera siku ile, akiache. Akiombwa kukiondoa, na ajiulize ataweka nini mahali pake, na nani aliyekiona. Tena asione haya kumwonyesha mwenye picha kazi inavyofanywa. Watu wengi huomba jambo hili kwa kudhani ya kuwa nyuma ya mtu aliyefutwa kompyuta itaikuta picha ya kweli.

Na mwenye picha za zamani asingoje mpaka mende wamalize. Hata kama hana kompyuta, na achukue penseli laini leo hii, aandike taratibu nyuma ya kila picha majina ya waliomo, na mahali, na mwaka, akiwauliza wazee wangali hai. Uso uliofifia twaweza kuujaribu. Jina lililosahauliwa hatuna programu ya kulirudisha.