Nyota Baada ya Jina

Wafaransa huita "milima ya Kirusi" ile treni ndogo ya burudani inayovutwa hadi kilele cha reli, ikaachiliwa ishuke, ipinde na kupanda tena kwa kasi yake yenyewe. Warusi nao huiita "milima ya Kimarekani". Kila mmoja anamsukumia mwenzake. Huku kwetu Bukavu sijasikia mtu akiitaja kwa Kiswahili, kwa hiyo nitaiita treni ya mteremko. Sijawahi kuipanda. Hata hivyo, huu ni mwaka wa pili nazijenga kwenye kompyuta, katika mchezo wa RollerCoaster Tycoon 2 uliotoka mwaka 2002. Sibuni za kwangu. Nachukua zile zilizopo kweli, nazijenga upya.

Iliyonichukua muda mrefu zaidi ni Loup-Garou, treni ya mbao katika bustani ya Walibi, mjini Wavre, Ubelgiji. Ilifunguliwa mwaka 2001. Kimo chake ni mita 28, njia yake inapita kidogo mita 1,000, na inafika kilomita 80 kwa saa. Haina injini ndani. Mnyororo unaipandisha hadi kileleni, halafu uzito wake unafanya kazi iliyobaki. Kimo cha kwanza ndicho mtaji wote wa safari. Kila kilima kinautumia, na msuguano unadai ushuru wake njia nzima. Ukijenga kilele kifupi, treni itakwama kabla ya kurudi kituoni. Mchezo unaiheshimu sheria hiyo, na ndiyo sababu unafaa kwa kazi hii.

Ila mchezo una herufi chache. Ardhi yake imekatwa vigae vya mraba, na reli lazima ifuate vigae hivyo. Mteremko halisi unaweza kuwa na pembe yoyote aliyoitaka fundi. Kwa treni ya mbao mimi napewa digrii 25 au digrii 60. Kona nazo ni za vipimo vilivyopangwa tayari. Basi kila hatua ni uamuzi: niendeleze urefu wa njia na kupoteza pembe, au nishike pembe na kupoteza urefu?

Mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anaujua uamuzi huo. Kilega, kinachosemwa Mwenga, Shabunda na Pangi, kina irabu saba, na toni yake inatenganisha maana. Lakini watu wengi wanapokiandika, hasa kwenye simu, wanatumia irabu tano walizojifunza shuleni kwa Kiswahili, na toni hawaiandiki kabisa. Mzee wa Mwenga akisoma ujumbe wa namna hiyo hapati shida. Sauti zilizoachwa anazo kichwani, anazirudisha mwenyewe bila kujua kwamba anazirudisha.

Binamu yangu anayeishi Brussels aliwahi kuipanda Loup-Garou. Nilimtumia video ya kazi yangu. Aliitazama, akaniandikia: "Ndiyo yenyewe, ndugu. Lakini mbona haitetemeki?" Mbao hutetemeka, alisema, meno yanagongana, mgongo unahisi kila ubao. Katika mchezo tunaitazama treni kutoka juu, kwa pembeni, na vigari vinateleza kama juu ya mafuta. Mchezo unatoa alama tatu kwa kila treni: msisimko, ukali na kichefuchefu. Yaani kichefuchefu kina tarakimu, tumbo halipo.

Nilichojifunza kwake si kwamba nakala yangu ni mbaya. Kwake yeye inatosha: aliitambua mara moja, na mtetemo aliuongeza mwenyewe kutoka mwilini mwake. Mimi ndiye haikunitosha, kwa sababu sina cha kuongeza. Kwangu, kilichoachwa hakipo. Na mtoto wa Kilega aliyezaliwa mjini, ambaye wazazi wake wanamsemesha Kiswahili, yuko mahali pangu, hayuko mahali pa binamu. Tukimpa hadithi za wazee kwa irabu tano, atasoma irabu tano, na hizo ndizo zitakuwa lugha. Maandishi yanayomtosha anayejua yanaweza kumpotosha asiyejua, na tunaandika zaidi na zaidi kwa ajili ya wasiojua.

Wataalamu wanaojenga upya Kibantu cha kale huweka kinyota mbele ya umbo walilolijenga. Kinyota kinasema: hili hakuna aliyelisikia, tumelifikia kwa hesabu. Nimeanza kuweka nyota katika mafaili yangu, ila mimi naiweka nyuma ya jina: Loup-Garou*. Chini yake naandika nilichokibadilisha: pembe hii, kona ile, mtetemo.

Zoezi hilo si la mchezo tu. Kingda Ka ya New Jersey, treni ya chuma yenye kimo cha mita 139, ilifunguliwa mwaka 2005 na kuangushwa kwa baruti mwaka 2025. Sasa zimebaki picha, video na nakala za wachezaji kama mimi, na hakuna tena binamu mpya atakayeipanda na kutuuliza mbona haitetemeki. Wazee wa Mwenga bado wapo wa kutuuliza. Katika daftari la hadithi ninazokusanya kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho, nimeamua irabu zote saba ziandikwe, toni iwekwe alama, na palipo na shaka niweke nyota, hata kama ukurasa utaonekana umejaa vijiti na nukta. Anayeijua lugha ataviruka bila kuviona. Asiyeijua atavihitaji vyote.