Mgonjwa Aambiwe Kabla ya Kisu

"Jikaze." Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa hulisikia neno hili kwa ndugu, kwa jirani wa kitanda, na mara nyingine hata kwa mhudumu wa wodi. Anayelisema huwa na huruma, ila hana kingine cha kutoa. Tangu nilipomuuguza mama yangu baada ya kutolewa uvimbe kwenye kizazi, naamini tuna vingi vya kumpa mgonjwa zaidi ya neno hilo.

Jioni ya kuamkia upasuaji, nesi wa zamu alivuta kiti akaketi karibu na mama. "Mama, kesho ganzi ikiisha utasikia maumivu hapa chini ya kitovu. Yatazidi ukikohoa au ukitaka kuinuka. Usidhani mshono umefumuka. Kidonda bado kibichi." Kisha akachukua kanga, akaikunja ikawa nene, akamwekea tumboni na kumwonyesha jinsi ya kuikandamiza kwa viganja viwili anapokohoa. Akamfundisha kuinuka: ajigeuze ubavu kwanza, ateremshe miguu, ndipo ajisukume kwa kiwiko. Akamsisitizia aombe dawa mapema, asingoje mpaka maumivu yapande.

Usiku wa pili mama aliumia, tena sana. Lakini hakuwa na hofu. Alishika kanga yake, akavuta pumzi taratibu, na kila pumzi akaiambatanisha na tasbihi. Hilo la mwisho alilitoa kwake mwenyewe. Kitanda cha pili alilala mama mwingine mwenye mshono kama huo. Kila alipojigeuza alilia akiuliza kama ameharibika ndani. Yeye hakuelezwa chochote kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Watu wawili hawatoshi kuthibitisha jambo, maana kila mwili una lake. Lakini jambo hili lilikwishapimwa zamani. Mwaka 1964, daktari wa usingizi Lawrence Egbert na wenzake wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichapisha matokeo ya wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Baadhi yao walielezwa mapema maumivu yatakuwaje, wakafundishwa kulegeza misuli na kujigeuza kitandani. Wapasuaji hawakujua nani kaelezwa na nani hakuelezwa. Walioelezwa walitumia takriban nusu ya dawa kali za maumivu walizotumia wenzao, na waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi.

Mwaka uliofuata, Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia yao ya lango: ndani ya uti wa mgongo taarifa za maumivu hupunguzwa au huachiwa zipite, na ubongo una sauti katika uamuzi huo. Mtu mwenye hofu, asiyelala, anayewaza mabaya, huumia zaidi kwa kidonda kilekile.

Hapa pana hatari, nami naisema kwa uchungu. Wapo watakaosikia haya wakahitimisha kuwa maumivu ni ya kujitakia, wakamnyima mgonjwa sindano yake. Huo ni ukatili. Aliyepasuliwa tumbo akiachwa na maumivu huogopa kuvuta pumzi ndefu, huogopa kukohoa, makohozi yakakaa kifuani, nimonia ikamwingia. Maelezo na pumzi hufanya kazi pamoja na dawa. Hayashiki nafasi yake. Na maumivu yanayozidi ghafla, au yanayoambatana na homa au usaha, hayataki kutulizwa kwa maneno. Hayo ni ya kumwita daktari papo hapo.

Ukiwa na ndugu anayekwenda kupasuliwa, fuatana naye kwa daktari. Ulizeni mapema ataumia wapi, kwa muda gani, dawa atapewa saa ngapi na atainukaje kitandani. Nanyi wauguzi wetu, najua wodi zimejaa na zamu ni ndefu. Hata hivyo nawaomba: jioni ya kabla ya upasuaji, vuteni kiti mkae na mgonjwa mumweleze.