Homa Moja, Watoto Wawili

Masika yakipita, madimbwi husalia katikati ya mawe ya Mkolani, na haupiti muda mrefu kabla homa hazijabisha hodi. Mwaka jana ziliwapata wapwa zangu wawili ndani ya juma moja. Mkubwa alitapika, akanywa dawa mseto, na siku ya nne akarudi madrasa. Mdogo alishikwa na degedege alfajiri, akapoteza fahamu. Jirani akashauri afukizwe ubani kwanza. Dada yangu, alhamdulillahi, alikwisha kumfunga mgongoni na kuita pikipiki. Hospitalini alichomwa sindano za malaria kali, na fahamu zikamrejea usiku wa pili.

Baadaye dada aliniuliza: “Kaka, walilala chandarua kimoja, wakala sahani moja. Kwa nini huyu tu?”

Nimefundisha baiolojia miaka mingi, ila jibu lake halikuwamo katika vitabu nilivyofundishia. Mishipa ya damu, ndugu msomaji, imetandikwa ndani kwa seli zilizopangana safu moja, kama vigae. Juu ya kila seli pana vipokezi, ambavyo kwavyo seli hupokea habari zinazoletwa na damu. Vigae hivi havilingani. Hata seli mbili zinazopakana katika mshipa mmoja huweza kupishana kwa wingi wa vipokezi, seuze seli za ubongo na za viungo vingine. Kimelea cha malaria nacho huifanya chembe nyekundu ya damu iote kulabu, zikanasa kwenye vipokezi hivyo. Mwaka 2013 watafiti waliochunguza vimelea vya watoto wa Tanzania walieleza kuwa malaria kali huambatana na kulabu zinazonasa kipokezi cha protini C, ambacho husaidia kuzuia damu isigande ovyo na kuta za mishipa zisivuje. Katika mishipa ya ubongo kipokezi hicho ni haba tangu asili. Kikizibwa, hakuna akiba.

Dada alinyamaza kidogo. “Basi mwanangu ameumbwa na upungufu?”

Nilimwambia hapana; uhaba huo tunao sote. Isitoshe, kimelea kina jeni zipatazo 60 za kutengenezea kulabu, na hubadilisha kutoka moja hadi nyingine ili kinga ya mwili isikitambue. Mdogo alikuwa bado hajakutana na nyingi kati ya hizo. Kaka yake alikwisha kuugua malaria mara nne kabla ya kutimiza miaka mitano.