Kizigeu cha nini?

Wapenzi wa tarakilishi, leo ni hesabu kidogo. Kizigeu ni ile namba inayozidisha herufi: katika 5x, ni 5. Herufi zikiwa mbili, mambo hubadilika.

Mimi hutumia Maxima, programu huria na ya bure. Ni mtoto wa Macsyma iliyozaliwa MIT miaka ya 1960. William Schelter ndiye aliyepata ruhusa ya kuitoa kwa leseni ya GPL mwaka 1998. Chukua hii:

p: (x + 2*y + 3)^3;

Ukiandika coeff(p, x, 1), unajibiwa 0. Bila onyo lolote! Maxima haikufungua mabano, basi haikuiona x. Hapo ndipo ninapoogopa: sufuri hiyo ikiingia katika hesabu za mhandisi wa daraja, itapita kimyakimya. Fungua mabano kwanza:

coeff(expand(p), x, 1);

Jibu: 12*y^2+36*y+27. Wengi hushangaa, kwani walitaka namba. Lakini umeuliza kizigeu cha x tu, kwa hiyo y imebaki ndani ya jibu. Ukitaka cha xy, chuja mara ya pili:

coeff(coeff(expand(p), x, 1), y, 1);

Hiyo ni 36. Na cha x isiyoandamana na y? Weka 0 mahali pa ile 1 ya mwisho, utapata 27.

Ipo pia ratcoef, ambayo hufungua mabano yenyewe. Mimi bado naandika expand, nione kwa macho kinachotendeka.