Bastola ya 1847: Ifyatuliwe ama Iachwe?

Wakusanyaji wa bunduki za kale huko Marekani wana ubishi mmoja ambao mimi huufuatilia sana: bastola ya zamani unaifyatua, ama unaifungia tu kwa kabati?

Chukua Colt Walker. Zilitengenezwa kama 1,100 pekee, 1847, wakati wa vita vya Marekani na Mexico. Mwaka wa 2018 moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1.8. Wale wa kufyatua husema bunduki isiyolia ni chuma tu. Nawaelewa. Kitu kilitengenezwa kifanye kazi, si kikae kikijaa vumbi.

Lakini wasee, silinda za Walker zilikuwa zinapasuka hata zikiwa mpya, juu ya baruti nyingi. Sasa fikiria baada ya miaka zaidi ya 170. Ikipasuka, hakuna fundi wa kuturudishia ya 1847. Na mkono wako je?

Kule Italia, Uberti hutengeneza nakala zake. Moshi upo, kishindo kipo. Fyatua hiyo mpaka uchoke. Ile orijino iache. Pesa ni zako, sawa, lakini kuna mtu hajazaliwa bado atataka kuiona. Ama wewe unaonaje?