Mpira Mmoja kwa Watoto Ishirini

Wengi wetu tusomao gazeti hili tuna watoto, na watoto hao wanacheza mpira. Hucheza watokapo shuleni, hucheza wakiwa machungani, na wakikosa mpira wa dukani hujifungia wao wenyewe mpira wa makaratasi, matambara na kamba za migomba. Kwa hiyo hapana haja ya kumshawishi mtoto aupende mchezo huu. Ninalotaka kulieleza leo ni jinsi sisi watu wazima tunavyowafundisha baada ya kuwakusanya uwanjani na kujivika filimbi shingoni. Maana nimeona mara nyingi ya kuwa mtoto hufika uwanjani akiupenda mpira, na baada ya miezi michache ya kufundishwa huondoka asitake kuuona tena.

Kazi yangu ni ya ukarani, na kila Jumamosi asubuhi, kabla ya mvua za alasiri za huku kwetu Kakamega kuanza, nawafundisha watoto wa miaka 8 hadi 13 katika uwanja wa shule ya msingi. Sikupata kuchezea timu yoyote yenye sifa. Nayaandika haya kwa sababu katika vijiji vyetu kazi hii hufanywa na watu wa namna hiyo hiyo: makarani, walimu wa shule, wakulima na wenye maduka, ambao hawakusomea ualimu wa mpira, bali wana moyo na saa mbili za nafasi.

Hebu tufanye hesabu, kwani karani hupenda hesabu na mkulima haishi bila hesabu. Mwalimu ana watoto 20 na mpira mmoja. Awapanga mstari mbele ya lango. Kila mmoja apiga mkwaju, aufuata mpira, aurudisha, kisha aenda kushika mkia wa mstari. Tuseme kila zamu yachukua sekunde 15. Basi mtoto atarudiwa na zamu yake baada ya sekunde 300, yaani dakika 5. Katika saa nzima atakuwa amepiga mpira mara 12, na dakika 57 atakuwa amesimama akitazama kisogo cha mwenzake. Je, yuko mzee ambaye angemfundisha mwanawe kupalilia kwa kumpa jembe mara 12 kwa saa? Hata hivyo ndivyo tufanyavyo uwanjani, nasi twashangaa vijana wetu wakifika miaka 18 hawawezi kuutuliza mpira.

Kanuni yangu ya kwanza, basi, ni kwamba kila mtoto awe na mpira wake. Najua msomaji ataniuliza fedha zitatoka wapi. Jibu ni kwamba mpira wa kufunga kwa kamba wafaa sana. Pelé wa Brazili, aliyefariki mwaka 2022, alipokuwa mtoto maskini alichezea soksi iliyojazwa makaratasi. Tena uko mchezo uitwao futsal, ulioanzishwa mwaka 1930 mjini Montevideo, katika nchi ya Uruguay, na mwalimu aitwaye Juan Carlos Ceriani. Huchezwa katika nafasi ndogo kwa mpira usiodunda sana, na wachezaji wengi wa Amerika ya Kusini walijifunzia ufundi wao humo. Mpira wetu wa makaratasi nao haudundi. Wakaa karibu na mguu, wamlazimu mtoto autumie wayo, upande wa ndani na upande wa nje. Aliyezoea huo hasumbuliwi na mpira wa ngozi.

Tukianza, kila mtoto huuendesha mpira wake polepole ndani ya mraba wa hatua 20 kwa 20 uliowekewa mawe pembeni. Nikiita "jua," huenda mbio. Nikiita "mvua," huukanyaga mpira na kusimama. Nikiita "radi," huuacha wake na kukimbilia wa mwenzake. Huo waonekana mchezo wa kitoto, na ndivyo ulivyo. Lakini mtoto asiyeinua macho hugongana na wenzake, na kwa hiyo ajifunza kutazama mbele bila mimi kupiga kelele ya "inua kichwa" mara mia.

Baadaye twacheza "wezi wa ng'ombe." Watoto 16 wana mipira, nao ni wachungaji, 4 hawana, nao ni wezi. Mwizi akiunyang'anya mpira, yeye awa mchungaji, na aliyenyang'anywa awa mwizi. Hapa mtoto hujifunza kuuweka mwili wake kati ya adui na mali yake, kugeuka ghafula na kupiga chenga. Sijapata kuwaeleza chenga kwa maneno. Mtoto anayeogopa kuibiwa huzibuni mwenyewe.

Mchezo wa tatu watoto wangu wanauita "paka katikati." Watoto 5 hufanya duara, na mmoja huwa katikati akiutafuta mpira wao. Walio kando hupeana pasi, na kila mmoja huruhusiwa kuugusa mara mbili tu. Paka akiukamata, aliyeupoteza huingia yeye. Msomaji asiudharau. Johan Cruyff, Mholanzi aliyekuwa mwalimu wa Barcelona kuanzia mwaka 1988 hadi 1996, aliufanya mchezo wa namna hii kuwa chakula cha kila siku cha wachezaji wake, watu wazima wenye mishahara mikubwa. Ndani ya duara lile mna karibu mambo yote ya mpira: kutuliza, kutoa pasi, kujiweka mahali pa wazi, na kuamua upesi.

Mwisho wa yote ni mashindano ya wanne kwa wanne. Uwanja mmoja mkubwa twaugawa kwa mawe kuwa viwanja vidogo, na malango ni vijiti viwili bila golikipa. Hakuna mtoto anayeweza kujificha katika timu ya watu wanne, wala hakuna anayeweza kusahauliwa.

Mzee mmoja jirani yetu, mkulima wa miwa, alikuwa akija kumtazama mjukuu wake. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, watoto hawa unawachezesha tu. Watafundishwa mpira lini?" Sikubishana naye, maana ni mzee wangu. Nilimwomba aweke punje za mahindi katika mfuko wa kushoto wa koti lake, na kila mjukuu wake aguswapo na mpira ahamishe punje moja kwenda mfuko wa kulia. Kwanza nikawapanga watoto mstari mbele ya lango kwa dakika 10, kama ilivyo desturi. Akahamisha punje 2. Kisha tukacheza wanne kwa wanne kwa dakika 10 vile vile. Punje zake 30 zikamwishia kabla ya wakati. Mzee akacheka, akasema, "Basi mimi pia nilinyimwa mpira nilipokuwa mdogo." Tangu siku ile ndiye atukatiaye vijiti vya malango.

Lakini jambo lililo zito zaidi kwangu si ufundi. Alikuja kwetu mtoto wa miaka 11, mfupi na si mwepesi wa mbio. Katika timu aliyotoka kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya lango na kuokota mipira, msimu mzima, na akikosea aliambiwa maneno ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia mtoto. Siku za kwanza hakusema neno. Akipewa mpira aliupiga mbali upesi, kama anayetupa kaa la moto. Katika timu ya wanne wenzake walimhitaji, kwa kuwa bila yeye walikuwa watatu. Polepole akatambua kwamba ana macho mazuri ya kuona mwenzake yuko wapi. Hakuwa hodari wa ajabu, wala sidhani atapata kuichezea Kenya. Lakini huja kila Jumamosi, husema, hucheka, na husaidia kuwafundisha wadogo. Nikiulizwa ni kikombe gani nimekipata katika kazi hii, nitamtaja yeye.

Yapasa pia niseme machache juu ya afya. Mpira wa watu wazima, namba 5, una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Mtoto wa miaka 9 apewe namba 4, na aliye mdogo zaidi namba 3. Kadhalika tusiwafundishe wadogo kupiga mpira kwa kichwa. Mwaka 2019 wataalamu wa Glasgow walitoa utafiti juu ya wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland, wakaona ya kuwa hatari yao ya kufa kwa maradhi ya kuharibika ubongo ilikuwa kama mara tatu na nusu ya watu wengine. Utafiti ule haukuthibitisha kwamba kichwa ndicho chanzo, lakini wenye busara hawakungoja. Marekani ilikuwa imekwisha tangaza mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka 10 na chini wasipige mpira kwa kichwa, na mwaka 2020 Uingereza ikawaondolea watoto wa shule za msingi zoezi hilo.

Tena watoto wapashe miili moto kwanza. Yako mazoezi ya FIFA yaitwayo 11+, yachukuayo kama dakika 20: mbio za taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua magoti yakiwa yamenyooka sawa na vidole. Utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, ukachapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Nawataja wasichana kwa makusudi. Katika uwanja wetu wanacheza pamoja na wavulana, na katika "wezi wa ng'ombe" mwizi anayeogopwa kuliko wote ni msichana.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Nawajibu kwa kuwaonyesha Mathare, mjini Nairobi. Huko mwaka 1987 ilianzishwa MYSA, chama cha michezo cha vijana wa mtaa ule, na timu zake zilipewa pointi kwa kusafisha mitaro na kuzoa takataka, si kwa kufunga mabao tu. Kutoka mizizi hiyo ilitokea Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Waliolima vizuri chini walivuna juu.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Lakini mwenye kumkunja samaki kwa nguvu humvunja. Basi nawaomba ndugu zangu wakulima wamwachie mtoto saa mbili za Jumamosi baada ya kufungulia ng'ombe; atarudi na nguvu za kutosha za kuteka maji. Nanyi ndugu zangu makarani, mnaokaa kitini juma zima, njoni mchukue kiwanja kimoja kidogo mkisimamie. Kabla ya kupuliza filimbi, wahesabuni watoto, kisha ihesabuni mipira. Ikiwa mipira ni michache, wapeni watoto kamba na makaratasi, kwani kufunga mpira wanajua tangu zamani.