Neno la Nne

Jumatatu, 14 Aprili
Maneno saba ya msalabani yamegawanywa. Mwinjilisti kapata lile la kusamehe, mwalimu wa kwaya kapata kiu. Mimi, la nne: kilio cha Yesu cha kumuuliza Mungu mbona amemwacha. Dakika saba, kasema Mchungaji. Dakika saba za nini? Na Mama G. atakuwepo. Hakosi.

Jumanne, 15 Aprili
Nimefungua Anselm. Mwaka 1098 alimaliza kitabu cha kueleza kwa nini Mungu akawa mtu: dhambi ni deni, mwanadamu ndiye mdaiwa lakini hana cha kulipia, basi aliye Mungu na mtu kwa pamoja akalipa. Imenyooka kama daftari la VICOBA. Tangu kipaimara tumelelewa humo humo. Ila nimwambie Mama G. deni limelipwa? Ataitikia amina. Hiyo amina ndiyo naiogopa.

Usiku. Aulén, yule Msweden, yeye anasema Wakristo wa kwanza waliuona msalaba kuwa vita: Kristo kapigana na dhambi, kifo na Ibilisi, kashinda. Nimempenda zaidi. Lakini anayelia hivyo hana sauti ya mshindi. Bado sana. Taa imekatika.

Jumatano, 16 Aprili
Sokoni. Nimepita ile kona alipouawa mwana wa Mama G. Wauza nyanya wamerudi, wanacheka, wanaitana. Mimi miguu imekuwa mizito.

Warumi nao walijua kuchagua mahali pa msalaba. Mwaka 71 KK, uasi wa Spartacus ulipozimwa, watu kama 6,000 waliangikwa kando ya barabara ya kutoka Capua hadi Roma. Kilikuwa kifo cha watumwa na waasi. Raia wa Roma kwa kawaida hakuguswa nacho. Kuua tu kuna njia za haraka. Hii ilikuwa ya kuonyesha: watu wapite, watazame, waliyemjua jana leo waone aibu kumtaja. Hapa walipiga kelele "mwizi!" basi, yakaisha. Na wale wawili wa kulia na kushoto kwa Yesu, miaka yote tunawaita wanyang'anyi. Mama zao hatujawauliza.

Alhamisi, 17 Aprili
Simu ya Mchungaji.
"Umefikia wapi, mama?"
"Nakimbizana nalo, Mchungaji."
Anataka nimalizie na ufufuo, watu wasirudi nyumbani wamenyong'onyea. Nimemwambia ufufuo una siku yake. Kacheka, hakuridhika. Shauri yake.

Nimesoma habari za Yerusalemu, 1968. Kaburi la zamani, ndani yake sanduku la mifupa ya aliyesulubiwa, na kisigino kimepigiliwa msumari wa kama sentimita 11, ncha imepinda. Labda ndiyo maana haukuchomoka, wakamzika nao. Lakini walimzika! Ndugu walikwenda kumchukua, wakakusanya mifupa, wakaandika jina kwenye sanduku: Yohanani. Hili jina sijui kwa nini limeniliza.

Ijumaa Kuu
Imeisha. Anselm nimemwacha mezani. Nimesema Marko na Mathayo wangeweza kukificha kile kilio, hawakukificha. Nimesema Torati inamwita aliyetundikwa mtini mlaaniwa, na Paulo hakubishana nayo. Aliwaandikia Wagalatia kwamba Kristo alifanyika laana hiyo kwa ajili yetu. Basi anayekufa watu wakimzomea hayuko nje ya Mungu. Mungu alishafika pale. Kona sikuitaja. Kila mtu aliijua.

Dakika nne tu. Mzee mmoja: "Fupi, lakini limeuma." Mwingine kasema sikumaliza.

Mama G. kanisubiri mlangoni. "Mama yake Yesu alisimama karibu?"
Nikasema Yohana anaandika hivyo, karibu kabisa.
"Mimi walinizuia."
Sikuwa na neno la nane.

Jumamosi, 19 Aprili
Usafi wa kanisa. Kwaya wameanza nyimbo za ufufuo tangu asubuhi, wameniudhi. Haraka ya nini? Hata huyo aliyefufuka aliwaonyesha wanafunzi alama za misumari. Hakurudi na mikono laini.

Mama G. kapiga simu. Anataka jina la mwanawe liingie kwenye kitabu cha marehemu cha usharika. Januari walimwambia lisubiri. Lisubiri nini? Nimemwambia Jumatatu asubuhi tutakuwa ofisini, mimi na yeye. Nimekata simu ndipo nimekumbuka Jumatatu ya Pasaka ofisi haifunguliwi. Jumanne basi. Saa mbili.